Jinsi ya Kutambua Aina na Umri wa Rivolva ya Zamani Iliyoachwa na Marehemu

Rivolva ya zamani, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, inapopatikana katika mali ya marehemu, maswali mawili hutangulia mengine yote: ni ya aina gani, na ilitengenezwa lini. Majibu kwa kawaida yamo kwenye chuma chenyewe, kwa sababu viwanda vya silaha, majeshi na nyumba za upimaji wa silaha (zinazojaribu uimara wake) za Ulaya na Marekani vilizoea kupiga chapa karibu kila sehemu iliyopita mikononi mwao. Shida, basi, haitokani na uchache wa chapa bali na wingi wake. Rivolva moja inaweza kubeba tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi), mwaka wa kutengenezwa, alama ya kupokelewa jeshini, mwaka wa matengenezo makubwa na alama ya kupimwa upya kabla ya kuuziwa raia, na mtu anayesoma tarehe moja akidhani ni nyingine hukosea kwa miaka thelathini huku akiamini kwamba amepata jibu sahihi. Kazi yote ya kukadiria umri ni kuiuliza kila chapa swali lake yenyewe.

Mwongozo huu unajikita katika rivolva za Kiingereza na za Kimarekani zilizotumiwa na majeshi na polisi wa Himaya ya Uingereza, kwa kuwa ndizo zilizoingia kwa wingi Afrika Mashariki kwa njia za kiserikali. Za Kijerumani, za Kibelgiji na za Kihispania zitaguswa kwa ufupi.

Kabla ya kuigusa

Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, wala haihamii kwa mrithi pamoja na nyumba na shamba. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili kukaa na bastola isiyo na leseni ni kosa, hata kama bastola hiyo imejaa kutu na haijafyatuliwa tangu enzi za ukoloni. Hatua ya kwanza ya msimamizi wa mirathi, kwa hiyo, ni kutoa taarifa polisi, na kwa upande wa Tanzania ni vyema kufuatilia vile vipindi ambavyo Serikali hutangaza usalimishaji wa silaha kwa hiari. Ndugu walioko ughaibuni wana hesabu nyingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2021, hutazama kama silaha ilitengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939 na pia kama risasi zake zimo katika orodha ya zilizoacha kutumika, na katika orodha hiyo risasi saba za rivolva, zikiwemo za milimita 10.6 za Kijerumani, ziliondolewa mwaka huohuo. Umri wa silaha, kwa maana hiyo, si udadisi mtupu. Kwa wengine ndio unaoamua kama kitu hicho ni pambo au ni kesi.

Ichukulie bastola hiyo kuwa ina risasi hadi mtu mwenye ujuzi na mamlaka atakapothibitisha kuwa ni tupu. Usivute kifyatulio ili kuona kama kinafanya kazi, usilazimishe kuifungua ikiwa imekwama, na usiisafirishe kwenye mkoba kwenda kwa fundi. Kila kinachoelezwa hapa chini kinaweza kufanywa kwa picha zilizopigwa kituoni au kwenye duka la muuza silaha mwenye kibali, baada ya silinda kumwagwa. Zikipatikana risasi pamoja nayo, omba upigiwe picha ya kitako cha ganda, kwa kuwa maandishi yaliyopo hapo hutaja aina ya risasi na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka. Mwaka huo ni wa risasi tu, lakini aina ya risasi ni ushahidi mzuri juu ya bastola.

Jambo la mwisho kabla ya kazi yenyewe linahusu usafi. Usiisugue kwa msasa, brashi ya chuma wala dawa ya kung'arishia shaba. Chapa nyingi zina kina cha sehemu ndogo sana ya milimita, na mkono mmoja wenye bidii unaweza kuufuta mwaka uliodumu tangu 1917. Kitambaa laini chenye mafuta mepesi kinatosha. Chapa isiyosomeka hujitokeza ukipaka unga wa chaki juu yake kisha ukafuta taratibu, ili unga ubaki ndani ya mashimo, au ukimulika tochi kutoka pembeni kabisa ili kivuli kiingie ndani ya herufi. Simu ya kawaida hupiga picha nzuri kwa mwanga huo wa pembeni. Mwako wa kamera wa moja kwa moja huiua chapa.

Inavyofunguka

Kabla ya kusoma herufi yoyote, tazama jinsi silaha ilivyoundwa ili risasi ziingizwe, kwa kuwa hapo pekee panaondoa nusu ya uwezekano. Ziko namna tatu kuu. Ya kwanza ni ile inayokatika katikati: mtutu na silinda huinama mbele kwenye bawaba iliyo chini, na nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda husukuma maganda yote nje kwa pamoja. Ikiwa kuna kikomeo kilichopanda juu ya nyundo, chenye kidude cha kusukumwa kwa dole gumba upande wa kushoto, basi unaitazama Webley ya Birmingham au ndugu yake Enfield.

Namna ya pili ni ile ambayo silinda hutoka nje upande wa kushoto kwa mkono mdogo wa chuma. Hapa kuna kipimo cha haraka: kwenye Smith & Wesson kidude cha kufungulia husukumwa mbele, na kwenye Colt huvutwa nyuma; zaidi ya hayo, ukiitazama kutoka nyuma, silinda ya Colt huzunguka kulia na ya Smith & Wesson huzunguka kushoto. Namna ya tatu ni fremu, yaani mwili wa chuma wa bastola, isiyofunguka kabisa, ambayo risasi huingizwa moja moja kupitia mlango mdogo upande wa kulia. Huko ndiko waliko Colt ya mwaka 1873, Nagant ya Kirusi ya mwaka 1895 na rivolva za jeshi la Ujerumani za mwaka 1879 na 1883.

Hesabu matundu ya silinda. Sita ni kawaida, matano ni ya bastola ndogo za mfukoni, na saba kwenye fremu isiyofunguka hukuelekeza moja kwa moja kwa Nagant, ambayo silinda yake husogea mbele na kuubana mtutu nyundo inapovutwa. Pima pia urefu wa mtutu kutoka mdomoni hadi mbele ya silinda, na uandike kwa inchi, kwa kuwa wakusanyaji wa silaha hizi huzungumza kwa inchi.

Kipenyo si jina

Kipenyo hupimwa kwenye tundu la silinda na mdomo wa mtutu kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana), tena na mtu mwenye ujuzi. Rivolva za Webley za jeshi, kuanzia Mark I ya mwaka 1887 hadi Mark VI ya mwaka 1915, ni za risasi kubwa ambazo katika matoleo ya baadaye huitwa .455, kipimo cha inchi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza liliona kuwa risasi hiyo ilihitaji mafunzo marefu mno kwa askari wa kawaida, likahamia risasi nyepesi ya .38 yenye kichwa cha greni 200 (gramu 13 hivi), na kutokana na hilo ikaja Enfield No. 2 mwaka 1932.

Hapa wengi huteleza, kwa kuwa kuna risasi mbili zinazoitwa .38 na hazifanani. Ya Kiingereza ina ganda fupi la milimita 20 hivi na kichwa kinene kidogo; .38 Special ya Kimarekani ina ganda la milimita 29 hivi na kichwa chembamba zaidi. Bastola nyingi za Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza zilichimbwa matundu upya baada ya vita ili ziingie risasi ya Kimarekani. Bastola ya namna hiyo bado ni ya mwaka uleule iliotengenezwa, ila thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka sana, na kuifyatua si jambo la busara. Hali kadhalika, Webley nyingi zilizouzwa Marekani zilinyolewa nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya .45 ya bastola za kijeshi za huko, na unyoaji huo mara nyingi hula sehemu ya namba. Ukiona nyuma ya silinda pana wangavu usiolingana na sehemu nyingine, au namba iliyokatwa katikati, umeshapata kipande kimoja cha historia yake.

Webley: jina la kampuni na mwaka kwenye fremu

Kwa Webley, anza na jina. Maandishi ya P. Webley & Son ni ya kabla ya mwaka 1897, kwa kuwa mwaka huo kampuni hiyo iliungana na W. & C. Scott & Sons pamoja na Richard Ellis & Son, na mwaka 1906 jina likafupishwa kuwa Webley & Scott Ltd. Bastola yenye jina la mwisho haiwezi kuwa ya Vita vya Makaburu (1899–1902), hata familia isimulie nini.

Kisha tazama mpini na mtutu. Mark I hadi Mark V, za mwaka 1887 hadi 1913, zina mpini uliopinda na kuchongoka chini unaoitwa wa kichwa cha ndege, na nyingi zina mtutu wa inchi 4. Mark VI iliyoidhinishwa Mei 1915 ina mpini wa mraba na mtutu wa inchi 6, na ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi wakati wa vita. Toleo lenyewe limeandikwa kwenye upau wa juu (chuma kinachopita juu ya silinda), upande wa kushoto, na kwenye Mark VI za vita mwaka umepigwa ubavuni mwa fremu pamoja na neno la hataza. Huu ni mmoja wa mifano michache ambapo mwaka ulio karibu na neno la hataza ni mwaka wa kutengenezwa kweli. Kiwanda cha serikali cha Enfield nacho kilitengeneza Mark VI kati ya 1921 na 1926. Hizo zina taji, neno ENFIELD na mwaka upande wa kulia, na ni adimu kuliko za Birmingham.

Mshale mpana wenye miguu mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili inayogusana ncha kwa ncha, maana yake silaha ilitolewa rasmi kwenye mali ya serikali na kuuzwa. Kukosekana kwa mshale wowote kwenye Webley hakumaanishi kuwa ni bandia: maofisa wa jeshi walijinunulia silaha zao wenyewe madukani, polisi wa makoloni waliagiza moja kwa moja kutoka Birmingham, na raia wenye kibali walinunua kama walivyonunua saa.

Enfield No. 2 na nyota inayodanganya

Mfano bora wa jinsi chapa mbili za bastola moja zinavyoweza kupingana ni Enfield No. 2. Upande wa kulia wa fremu, chini ya nyundo, utakuta taji, neno ENFIELD, kisha No. 2 MK I na mwaka. Tuseme mwaka unasomeka 1934, lakini baada ya MK I kuna nyota ndogo, na nyundo haina mkia wa kuvutia kwa dole gumba. Toleo lenye nyota lilianza mwaka 1938. Bastola ya 1934 haingeweza kuzaliwa na nyota, kwa hiyo moja ya chapa hizo imeongezwa.

Ukiitazama nyota hiyo kwa lenzi, mara nyingi utaona kwamba haikukaa sawasawa na mstari wa herufi, kina chake ni tofauti, na kingo zake ni kali kuliko za taji. Kilichotokea ni kwamba bastola ilitengenezwa 1934 ikiwa na nyundo ya kawaida, na baada ya 1938, iliporudi karakana kwa matengenezo, ikabadilishwa nyundo na kupigwa nyota. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mkia wa nyundo ulikuwa ukinasa ndani ya vifaru. Herufi FTR zikifuatwa na tarakimu mbili, kwa mfano 53, huonyesha matengenezo makamilifu ya kiwandani ya mwaka huo. Bastola ya namna hii ina tarehe tatu za kweli, na mwaka wa kutengenezwa unabaki 1934. Anayeiuza kama ya 1953 amekosea, na anayedai kuwa iko katika hali yake ya asili ya 1934 naye amekosea. Kama pasipoti, mhuri wa mwisho unaeleza mwenyewe alikopita mwisho, si alikozaliwa.

Matoleo yenye nyota mbili ni ya mwaka 1942, wakati kizuizi cha nyundo kilipoondolewa ili kuharakisha uzalishaji. Baadaye nyingi zilirudishiwa kizuizi hicho, kwa kuwa bastola iliyoanguka iliweza kujifyatua. Ukikuta jina ALBION badala ya ENFIELD, ni kazi ya kiwanda cha magari cha Albion cha Glasgow, kati ya 1941 na 1943. Kwenye mpini wa kulia wa baadhi ya Enfield kuna kisahani cha shaba kilichokusudiwa kupigwa namba ya kikosi. Kikiwa kitupu, hakina la kusema.

Enfield hufanana mno na Webley Mark IV ya .38, na kufanana huko hakukutokea kwa bahati. Webley walishirikiana na serikali katika kusanifu bastola hiyo, kisha serikali ikapeleka kazi kwenye kiwanda chake yenyewe. Kampuni ilidai fidia ya pauni 2,250, na hatimaye tume ya tuzo za wavumbuzi ikaipa 1,250. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Enfield haikuweza kukidhi mahitaji, na serikali ikarudi kununua Webley Mark IV. Nyingi za wakati huo zina maneno WAR FINISH kwenye fremu, yaani kiwanda kilikuwa kikiomba radhi mapema kwa umaliziaji wenye mikwaruzo, jambo linaloonyesha jinsi mafundi wa Birmingham walivyojali heshima ya kazi yao hata chini ya mabomu. Kwa mkadiriaji, maneno hayo yanatosha kuiweka bastola katika miaka ya vita. Maandishi .38 145/200 yaliyo kwenye upau wa juu ni uzito wa vichwa vya risasi kwa greni, ingawa wengi huyasoma kama namba ya silaha.

Smith & Wesson: tarehe tatu zisizo mwaka wake

Kati ya 1940 na 1945 Marekani iliipatia Uingereza na nchi za himaya yake zaidi ya rivolva 570,000 za Smith & Wesson za risasi ya .38 ya Kiingereza, na kwa hiyo si ajabu kuikuta moja katika sanduku la aliyekuwa polisi au ofisa wa serikali ya kikoloni. Juu ya mtutu wake pameandikwa jina la kampuni, mji wa Springfield, kisha tarehe tatu za Februari 1906, Septemba 1909 na Desemba 1914. Mrithi huona 1914 na kutangaza kuwa bastola ni ya Vita vya Kwanza. Zote tatu ni tarehe za hataza, zilizoendelea kupigwa kwenye mitutu hadi katikati ya Vita vya Pili, na haziwezi kukupa zaidi ya hili: bastola si ya kabla ya Desemba 1914.

Jibu liko chini ya mpini. Namba ya aina hii ya bastola ilifika milioni moja mwaka 1942, kisha ikaanza upya ikitanguliwa na herufi V, kwa maana ya ushindi. Mwishoni mwa mwaka 1944, baada ya baharia mmoja kuuawa na bastola iliyoanguka sitahani, kiwanda kilibuni kizuizi kipya cha nyundo, na bastola zilizowekwa kizuizi hicho zikapigwa herufi SV. Hivyo namba ya tarakimu sita isiyo na V, ikiambatana na maneno UNITED STATES PROPERTY kwenye upau wa juu, ni ya kabla ya katikati ya 1942 au karibu na hapo. Yenye V ni ya 1942 hadi 1945. Yenye SV ni ya miezi ya mwisho ya vita. Rangi nayo husaidia: za mwanzoni ni nyeusi ya buluu inayong'aa, na za V ni za kijivu kilichofifia, na mipini yake ni ya mbao laini isiyo na michoro wala nembo.

Ukifungua silinda utaona namba nyingine kwenye shingo ya mkono unaoishikilia. Kwenye Smith & Wesson za wakati huo hiyo ni namba ya kuunganishia tu, iliyowasaidia mafundi wasichanganye vipande kabla ya namba rasmi kupigwa; usiiandike popote kama namba ya silaha. Kwenye Colt za enzi hiyo mambo ni kinyume: namba rasmi iko hapohapo. Nimeona fomu za leseni zilizojazwa namba ya kuunganishia, na usumbufu unaofuata pale namba ya chini ya mpini inapokaguliwa ni mkubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Bastola ya Smith & Wesson yenye chapa kama .38, .767 na 3½ TONS kwenye mtutu ilipita kwenye nyumba ya upimaji ya Uingereza kabla ya kuuzwa kwa raia, mara nyingi baada ya 1954, mwaka ambao kanuni za upimaji zilirekebishwa. Chapa hizo zinaeleza ukubwa wa risasi, urefu wa ganda na shinikizo lililotumika. Hazimaanishi kwamba bastola ni ya Kiingereza. Ukikuta maneno NOT ENGLISH MAKE, mamlaka ya upimaji imekuondolea mashaka yenyewe, na maneno hayo yalitumika kati ya 1925 na 1955.

Za Liège, za Eibar na za Kijerumani

Duaradufu ndogo yenye herufi ELG na nyota ni alama ya mji wa Liège, Ubelgiji, uliosambaza rivolva za bei nafuu karibu dunia nzima. Ikiwa juu ya duaradufu kuna taji, silaha ilipimwa baada ya taji kuongezwa mwaka 1893. Pasipo taji, ni ya kabla ya hapo. Nyingi hazina jina la kiwanda hata kidogo, na mtu asijisumbue kulitafuta.

Kutoka Eibar, Hispania, zilitoka nakala za Smith & Wesson ambazo kwenye mtutu zina maneno marefu ya Kiingereza yanayosema zinatumia risasi za Smith & Wesson, na macho ya haraka husoma jina hilo kama la mtengenezaji. Tafuta nembo ndogo kwenye fremu na mipini. Si zote za kudharauliwa: mwaka 1915, Webley ilipozidiwa na maagizo, jeshi la Uingereza lilinunua rivolva za .455 kutoka kwa Garate, Anitua y Cía na Trocaola, Aranzabal y Cía, na zikatumika vitani kwa heshima zote.

Rivolva za Kijerumani za 1879 na 1883 ni nzito, za milimita 10.6, na hazina kifaa cha kutolea maganda, hivyo askari aliyatoa kwa kijiti. Zenye neno ERFURT chini ya taji huwa zina mwaka kamili. Za mji wa Suhl zina herufi za viwanda vilivyoshirikiana.

Hadithi ya familia

Simulizi iandikwe, lakini katika ukurasa wake. Dai linalosikika sana ni kwamba babu alipewa bastola hiyo akiwa askari wa King's African Rifles. Askari wa kawaida wa kikosi hicho alikabidhiwa bunduki, na bastola kwa desturi ilikuwa silaha ya ofisa. Tena silaha ya jeshi ilirudishwa ghalani askari alipoagwa. Aidha, Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka vizuizi vikali juu ya kuingiza silaha za kisasa kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, hivyo rivolva nzuri ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyopatikana bara ina uwezekano mkubwa wa kuwa ilipitia mkononi mwa ofisa, mmisionari au mwindaji mwenye kibali. Hayo hayaikanushi hadithi ya babu moja kwa moja. Yanamtaka tu mrithi atafute hati: kitabu cha kuachishwa jeshi, leseni ya zamani, risiti ya duka, au picha ambayo bastola inaonekana. Hati moja yenye namba ya silaha ina uzito kuliko simulizi za wajomba wote.

Kuandika matokeo

Andika kwanza chapa zote kama zilivyo, pamoja na mahali zilipo, kabla ya kuzitafsiri. Chora zile usizozijua. Taji juu ya herufi mbili na taji juu ya namba ni vitu tofauti, kwa kuwa ya kwanza kwa kawaida ni ya nyumba ya upimaji na ya pili ni ya mkaguzi wa jeshi. Linganisha namba ya fremu na ya silinda na ya mtutu. Zikilingana, vipande vilitoka kiwandani pamoja; zisipolingana, silaha imeunganishwa kutoka zaidi ya moja, na mwaka unaoukubali ni wa fremu.

Usiandike mwaka mmoja pale ushahidi unapokupa kipindi. Kauli kama "si kabla ya 1942, si baada ya 1945, ilipimwa Uingereza baada ya 1954" ni matokeo kamili na ya kuheshimika. Anayetaka tarehe kamili ya Colt au Smith & Wesson anaweza kulipia barua ya kumbukumbu: Colt ina idara yake ya kumbukumbu, na kwa Smith & Wesson kazi hiyo hufanywa na Smith & Wesson Historical Foundation. Wote wawili wanahitaji namba ya silaha. Tarehe watakayoitoa ni ya bastola kuondoka kiwandani kwenda kwa mnunuzi, ambayo inaweza kuwa miezi au hata miaka baada ya fremu kukamilika, na ndivyo inavyopaswa kuandikwa kwenye kumbukumbu zako.